Sura ya Mkwe Mlangoni

Ambindwile simpendi, na naomba hilo lijulikane kabla sijafika mbali. Alikuwa mteja mzuri wa duka langu pale Kinyala, nami nilimhudumia kwa adabu zote, lakini moyoni nilikuwa namtemea mate. Ninayetaka kumsimulia ni mkwewe, Tupokigwe, jirani yangu, mjane wa Ezron.

Ezron alijenga nyumba ya matofali ya kuchoma kando ya barabara, akaupaka mlango rangi ya buluu, akafa bila kuacha mtoto. Matanga hayajaanuliwa, baba yake, huyo Ambindwile, akaanza kuitamani ile nyumba. Alitaka Tupokigwe arithiwe na shemeji yake au arudi kwao Kisondela. Tupokigwe akakataa yote mawili. Mzee hakuweza kuja kumfokea mwenyewe, kwa sababu kwa Wanyakyusa baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani. Mwanamke akisikia mkwe anakuja hujibanza migombani mpaka apite, na mkwe naye hugeuza uso. Mjini Tukuyu vijana walishaanza kuuacha mwiko huo. Tupokigwe aliushika kama alivyolelewa, na mzee alilijua hilo vizuri sana.

Mwaka wa tisini na nne, vyama vilipokuwa vingi, Ambindwile akagombea udiwani. Akaleta stika kutoka Dar es Salaam, sura yake imechapishwa kwa rangi, kubwa kama sinia, gundi iko nyuma tayari. Sisi tulizoea karatasi za kubandika kwa uji wa ngano, ambazo mvua ikinyesha zinabanduka zenyewe. Hii ilikuwa balaa nyingine. Vijana wake waliibandika katikati ya ule mlango wa buluu Tupokigwe akiwa shambani. Nyumba yenyewe haina mlango wa nyuma.

Aliporudi akayaona yale macho, akajifunika kanga usoni, akakimbilia jikoni, kibanda cha nje. Akawa analala humo, kwenye moshi, pamoja na kuku. Haukupita muda mzee akatangaza kwamba nyumba ya mwanawe imetelekezwa, hivyo siku ya gulio ataifungua iwe ofisi ya chama. Huo ni unyama. Alichukua heshima ya mwanamke aliyefiwa, akaifanya kufuli ya kumfungia nje ya nyumba yake.

Nikamwambia Tupokigwe nitaibandua mimi, mwiko wao haunihusu, babu yangu alikuja huku kutoka Kilwa na mzigo wa nguo. Akanikatalia.

"Ukiibandua wewe, Mama Kheri, watasema Mswahili ameingilia mambo ya ukoo. Nifundishe tu."

Nikamfundisha ninavyofanya kwenye chupa za chai na masufuria ya dukani, maana siku hizo kila kitu kilikuja na lebo yake imeng'ang'ania. Usivute kwa pupa. Ukivuta, karatasi inachanika, gundi inabaki na kunasa vumbi mpaka inakuwa nyeusi. Loweka kitambaa kwenye mafuta ya taa, kilaze juu yake, subiri. Kisha kwangua kwa ukingo wa kijiko, taratibu, usije ukala rangi. Masalia yasugue kwa parachichi lililoiva kupita kiasi, halafu osha kwa jivu na sabuni. Alichokipenda zaidi ni kile kitambaa. Kingemfunika mzee uso wote, naye angekifunua kidogo kidogo kutoka pembeni, bila kutazamana naye.

Siku ya gulio akaanza asubuhi, nami nikiwa nimeshika kibati cha mafuta. Paji la uso kwenye stika lilikuwa limeshatoka tuliposikia ngoma. Ambindwile alikuwa anakuja na wafuasi wake. Nikadhani Tupokigwe atakimbilia jikoni. Lakini aliketi kizingitini, akaishusha kanga mabegani, akaelekeza uso barabarani.

Ngoma zikanyamaza. Mzee aliyekuwa akihubiri mila kila mkutano alikuwa amebanwa na mila hiyohiyo. Akateremsha kofia, akageuka, akaingia migombani na viatu vyake vipya. Kutoka humo akamtuma kijana mmoja aje amwambie mkwewe apishe. Tupokigwe akamjibu yule kijana kwa sauti ya kufika migombani.

"Mwambie baba nyumba ina mtu. Akitaka kuingia, apite hapa anitazame."

Hakuja. Watu wa gulio walisimama wakitazama majani ya migomba yakitikisika, na wengine wakacheka waziwazi. Mimi nilicheka kuwashinda wote. Baadaye tukamwona ametokea ng'ambo ya shamba, anapanda kilima peke yake.

Tupokigwe akaugeukia mlango, akakiondoa kitambaa chote, akaitazama ile sura kwa muda. Kisha akaniuliza kama mafuta ya taa yamebaki, maana kidevu kilikuwa bado.