Pikipiki Iliyocheza Kanisani

"Huyo? Hata nyanya moja hatatoa kwa ule mchanga," binamu yangu aliwaambia wateja wa bucha yake pale Kiboko, akipima nyama. "Amezoea kiyoyozi cha Waarabu. Ngojeni jua likaze kidogo, mtamsikia akiuliza nauli ya kurudi."

Wengine walisema diploma yangu ya unyunyiziaji ilifaa kupamba ukuta tu. Niliyasikia yote. Mtu aliyeanza Ghuba akibeba mabomba begani, akaondoka akiwa msimamizi wa shamba zima la vibanda vya plastiki vya kukuzia mboga, hana haja ya kubishana buchani. Shamba langu kando ya mto, karibu na Kibwezi, sikulirithi kwa mtu. Nililinunua kwa jasho langu. Miche ya nyanya ilikuwa tayari kitaluni, mizuri kuliko yoyote niliyowahi kuona upande huu. Nilichokosa ni pampu ya sola tu, na mto ulikuwa ukipungua.

Benki, nilikoenda kuomba mkopo wa kuinunua, kijana wa mikopo alitazama kompyuta, akanitazama.

"Mzee, hapa inaonekana hukulipa mkopo wa pikipiki."

"Pikipiki gani? Mimi hata kuiendesha sijui!"

Alinichapishia ripoti yangu, nikaisoma nikiwa nimesimama, mstari kwa mstari, kama ninavyosoma maelezo ya mashine. Nikaona jina la chama kimoja cha akiba na mikopo cha Mwingi, na hapo hapo nikaelewa. Kabla sijasafiri nilimdhamini shemeji yangu, mume wa dada yangu, anunue bodaboda. Mtu fulani kule alikuwa ameniandika mimi kama mkopaji, na deni likaachwa wazi.

Nikampigia simu. "Shemeji, ule mkopo ulimaliza?"

"Weee! Kwani hukuona video?"

Niliiona, tena nikiwa kitandani kule Ghuba, nikicheka peke yangu. Kanisani kwao, mtu akimaliza mkopo mkubwa haendi nyumbani kimyakimya. Anakipeleka kitu chenyewe mbele ya madhabahu kutoa shukrani. Shemeji aliisukuma pikipiki katikati ya viti, imefungwa riboni, kwaya ikiimba na dada yangu akipiga vigelegele mpaka kilemba kikaanguka.

"Na cheti cha kumaliza deni kiko wapi?"

"Nilikiweka chini ya kiti cha pikipiki. Mvua ikakinywa."

Niliandika malalamiko kwa ofisi inayotunza rekodi za wakopaji. Niliyaandika vizuri kiasi kwamba dada wa mapokezi aliniuliza kama mimi ni wakili. "Mimi ni mtu wa mifereji," nikamwambia. Lakini jibu lilipokuja, lilisema chama cha Mwingi kimeshikilia kwamba rekodi iko sawa.

Miche haingojei ofisi. Mama mzee wa shamba jirani aliniazima mipira yake ya maji. Kikundi cha mwethya, majirani wanaolimiana kwa zamu, kilinichimbia mifereji kwa ahadi kwamba nami nitawachimbia. Na binamu yangu, nisimnyime haki yake, alinipa pampu yake ya petroli.

"Chukua," alisema, sauti juu ili wateja wasikie. "Ukishindwa, irudishe na kilo moja ya nyanya zilizooza."

Pampu ile ilikohoa kama mzee, ikanywa petroli kuliko lori. Nilijua haitavusha nyanya mpaka mavuno. Nikavaa suti yangu ya kijivu, nikaenda Mwingi mwenyewe.

Meneja wa chama alinipokea kwa heshima. "Lakini ndugu yangu, sisi tunaenda na stakabadhi. Video ya kanisa si stakabadhi."

"Sawa kabisa, bwana meneja. Itazame tu uone watu wanavyofurahi."

Akaitazama, akitabasamu. Kwaya ikapita, dada yangu akapita, kisha mwanamume mwenye suti ya kahawia akashika kipaza sauti: "Mimi kama meneja wenu nathibitisha, ndugu huyu amelipa yote, hadaiwi hata ndururu!" Halafu akaushika usukani wa pikipiki na kuanza kucheza nayo, magoti yakishuka mpaka chini.

Karani alisimama nyuma yetu. "Bosi! Kumbe kiuno kipo!"

Meneja alicheka mpaka akavua miwani. Malipo yote yalipatikana, yamewekwa kwa akaunti ya shemeji kama ilivyopaswa. Alituma marekebisho nikiwa nimekaa hapo, nikinywa chai yake.

"Ombi moja tu," akaninong'oneza tukiagana. "Hiyo video isimfikie mke wangu."

Ripoti yangu ilirudi safi. Mkopo ukatoka, pampu ya sola ikafungwa kwa mikono yangu hii, na nyanya zilizaa hadi wanunuzi wenye malori wakawa wananipigia mimi simu.

Siku ya kulipa wote niliipanga kama sherehe. Asubuhi nilimaliza deni la benki kabla ya muda wake. Nikampelekea mama jirani mipira mipya, naye akanishika mikono yote miwili, akanishukuru kwa Kikamba: "Ni muvea, mwanangu." Mchana nilichimba mfereji wangu wa mwisho wa mwethya, na hakuna kijana aliyenishinda kwa jembe. Jioni nikaenda Kiboko na pampu ya binamu, nimeitengeneza na kuipaka rangi, pamoja na kreti ya nyanya.

Binamu aliokota moja, akaipaka chumvi, akauma.

"Haijaoza," akasema. Akatafuna polepole, kisha akashusha sauti. "Ndugu yangu, nataka kuchukua friji ya bucha kwa mkopo. Unaweza kunidhamini?"

"Nitakudhamini," nikamjibu, sauti juu ili wateja wasikie. "Lakini siku utakapomaliza kulipa, friji utaibeba kanisani, na video nitapiga mimi."