Kuku wa Kubaki

Wiki iliyopita akina mama wa parokia yetu, wale wanaotaka kupokea watoto wasio na wazazi, walinipa karatasi wakaniomba niandike nyumba nzuri ya kumlea mtoto kama huyo inatakiwa iwe na nini. Waliniomba mimi kwa sababu nililelewa hivyo. Nilikaa na kalamu asubuhi nzima. Niliandika "kitanda", nikakikata. Mwishowe niliiacha karatasi mezani nikaenda Dabani, Uganda, karibu na mpaka wa Kenya, kuitazama tena ile nyumba niliyolelewa.

Nilipelekwa pale nikiwa na miaka kama saba, muda mfupi baada ya uhuru. Mama alikuwa amefariki Tororo, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli. Baba sikumjua. Watu walisema yuko upande wa Kenya, kana kwamba upande wa Kenya ni boma moja na ukibisha hodi atatoka. Mama wa ustawi wa jamii alinileta kwa gari la serikali akamwambia mwenye nyumba, "Ni kwa muda tu, mpaka tuwapate ndugu zake." Hayo maneno, kwa muda tu, niliyashika kuliko jina la kijiji. Furushi langu, leso ya mama iliyofunga nguo zangu mbili, nililiweka nyuma ya mlango, na sikulifungua.

Mwenye nyumba tulimwita Kukhu, ndivyo Wasamia wanavyomwita bibi. Alikuwa mjane mwenye sauti ya kufika mtoni, na aliishi na mjukuu wake wa kike, rika langu. Kisamia sikukijua, kwa hiyo Kukhu alinisemesha kile Kiswahili chake cha soko la Busia, alikokuwa akiuza muhogo mkavu. Hata akiniambia nikanawe miguu, ilikuwa kama tunapatana bei.

Ningekupeleka pale leo kama ningeweza, ndugu yangu. Ungesikia jiwe la kusagia kabla hujafungua macho, wimbi na muhogo vikisagwa pamoja, na mjukuu akiimba kwa pua. Ungekula ugali mweusi wa moto na kunde zilizoungwa kwa simsim. Mvua zikianza, ungekula kumbikumbe waliokaangwa bila mafuta, maana wanayo ya kwao. Tulikula bakuli moja, na mwenye aibu alilala njaa. Mimi aibu iliniisha siku ya pili.

Kazi niliyoipenda ni ya Jumamosi, kusiriba sakafu. Tulichota samadi mbichi kwenye zizi la jirani, tukaichanganya na udongo na maji, tukapiga magoti. Kila mtu alikuwa na sehemu yake na mchoro wake wa vidole. Wa Kukhu ulikuwa nusu duara zinazopandana, safi mno. Mgeni hakupewa samadi hata akiomba. Mgeni alipewa kiti na chai, na siku ya kuondoka alipewa kuku aliyefungwa miguu, hata kama alilala siku mbili tu.

Wiki ya tatu Kukhu alinivuta mkono mpaka kwenye kona ya mtungi wa maji. "Hii kona yako," alisema. "Ukiacha shimo, mimi naona." Nilifurahi mpaka nikakosa usingizi. Lakini kuhusu furushi hakusema neno, nami niliogopa kuuliza. Kila nikipita mlangoni nililiona, na kila nikiliona nilikumbuka yale maneno, kwa muda tu.

Kisha ikaja habari kwamba mama wa ustawi atakuja kukagua. Nyumba isipofaa, ningehamishiwa makao ya watoto mbali kabisa. Hayo niliyajua baadaye, maana wakati ule hakuna aliyemweleza mtoto chochote. Nilichoona ni jirani akimnong'oneza Kukhu maneno niliyosimuliwa baadaye, "Wale watu wa ofisi wanataka kitanda. Na mutoto asionekane anafanya kazi. Watasema umemufanya mutumishi."

Kukhu, mwanamke asiyemwogopa hata chifu, akaogopa. Jumamosi asubuhi kitanda cha jirani kiliingia ndani na blanketi lake jekundu. Mjukuu alitumwa mtoni. Mimi nilivikwa gauni la kuazima, nikakalishwa kwenye kiti, kile kiti chenyewe cha wageni, nikapewa chai ya maziwa na mkate. "Kaa. Usiguse kitu leo," Kukhu aliniambia kwa sauti ya upole ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Ndipo nikaona mlangoni, kando ya furushi langu, kuku mwekundu amefungwa miguu.

Sikuhitaji kuambiwa. Kiti, chai, upole, kuku. Ninaondoka.

Kuku alikuwa wa kumpa mama wa ustawi, ila nani angeniambia? Gari liliposimama uani na Kukhu akatoka kupokea, nilikiacha kile kiti. Ndoo ya samadi ilikuwa nyuma ya nyumba. Niliichukua nikaenda kwenye kona yangu, nikapiga magoti na lile gauni la watu, nikaanza kusiriba. Nilikuwa nalia na kusiriba, kusiriba na kulia. Niliona wakinikuta nimeshika kazi yangu hawataweza kunibeba.

Waliingia wote wawili. Kukhu akasahau ofisi, akasahau ushauri wa jirani, akasahau kila kitu.

"Wewe! Gauni ya watu! Na hiyo ni kusiriba gani? Kuku napara vizuri kuliko wewe! Rudia hapo, pale kwa mtungi umeacha shimo!"

Kisha akajishika mdomo. Mama wa ustawi alikitazama kitanda, akanitazama mimi, akamtazama yeye.

"Unamgombeza hivyo kila siku?"

Nadhani Kukhu alitafuta uongo, akaukosa.

"Kila siku," alisema. "Na kitanda si yangu. Mutoto nalala na sisi kwa mkeka. Huyu si mugeni wangu, mama."

Yule mama aliinama akaitazama kona yangu kwa muda mrefu. Akaandika kidogo, akanywa chai, na kuku akakataa kumpokea. Gari lilipoondoka sikuwemo ndani.

Kukhu alimfungua kuku miguu. Akalifungua na furushi langu pia, akaikung'uta leso ya mama na kuitundika kwenye kamba moja na zake. "Kuku yako," aliniambia. "Lakini haendi mahali. Na wewe pia." Kuku wengi walitolewa katika nyumba ile, na ni mimi tu niliyepewa wa kubaki.

Juzi niliikuta nyumba imejengwa upya, matofali na mabati, kitanda kila chumba. Mjukuu alikwishafariki, na Kukhu alimtangulia zamani. Wenyeji wa sasa ni watu wazuri. Walinikalisha kwenye kiti, wakaniletea chai. Palipokuwa na mtungi sasa pana saruji laini, inang'aa. Niliomba ruhusa, nikapiga magoti pale, nikaipapasa kwa vidole. Wenyeji walinitazama kwa heshima.

Nilikaa pale magotini nikingoja mtu anigombeze.