Wimbo wa Raonaid na Kitambaa cha Baharia

Alhamisi, tarehe 11 Oktoba 1951. Manyunyu tangu alfajiri, upepo mdogo kutoka magharibi. Bahari haikuonekana kabisa, ingawa mlio wake ulifika mpaka ndani ya nyumba.

Siku hiyo Raonaid MacInnes alikuwa na kitambaa cha kugonga. Alikuwa mjane mwembamba aliyekaribia miaka sabini, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake. Sufu ya kitambaa hicho aliisokota mwenyewe majira yote ya baridi, ili mwanawe Ruairidh, baharia wa meli za mizigo, apate koti zito. Kitambaa kikitoka kwa mfumaji huwa kimelegea kama wavu. Hulowekwa kwenye mkojo uliokaa ukachacha, kisha wanawake hukaa pande mbili za ubao mrefu na kukigonga kwa pamoja, kila mmoja akikisukuma kwa jirani yake kufuata njia ya jua, mpaka kisinyae na kuweza kuzuia mvua. Kazi hiyo haifanywi kimya. Mmoja huimba, wengine huitikia, na mikono hufuata.

Kilichomkaa Raonaid moyoni hakikuwa koti. Kulikuwa na wimbo wa mama yake, wa mwanamke aliyeachwa peke yake kwenye vibanda vya malisho ya kiangazi mlimani baada ya ng'ombe wote kuteremshwa, na katika kisiwa kizima cha South Uist, magharibi mwa Uskoti, aliyebaki nao ni yeye tu. Binti hakujaliwa. Wapwa zake walikuwa Glasgow, wakicheza nyimbo za redioni. Na tangu mwisho wa baridi pumzi yake ilikuwa fupi. Akipanda kilima kuchukua mboji, udongo wa kinamasi unaokaushwa na kuchomwa kama kuni, alipumzika njiani kama mgeni. Kwa hiyo aliposikia kuna bwana anayezunguka kisiwani na mashine ya kunasa sauti, alimtumia salamu mwenyewe kwamba aje siku ya kitambaa.

Bwana huyo, Torcuil Rankin, alikuwa mtu wa makamo anayeishi Edinburgh, lakini mzaliwa wa kisiwa cha Skye. Kigaeli chake, lugha ya visiwa hivyo, kilieleweka, ingawa Ceit, jirani wa Raonaid, alisema anaongea kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Mwanamume hana nafasi kwenye shughuli ile, na Ceit hakumwacha asahau.

"Kaa hapo hapo mlangoni na sanduku lako, bwana," alimwambia. "Ukisogea, tutakuviringisha ndani ya kitambaa hiki, na utanuka mpaka Krismasi."

Torcuil alicheka, akaweka maikrofoni kwenye ncha ya ubao, akarudi mlangoni.

Wanawake walianza na nyimbo nyepesi za kutaniana, za kumwoza msichana fulani kwa mzee fulani mwenye ndevu kama mbuzi. Kitambaa kilipopata joto mikononi, Raonaid akafumba macho. Wenzake wakajua, wakapunguza kasi.

Aliimba taratibu, na moshi wa mboji ukawa kama ukungu wa mlimani. Alimwona mama yake kando yake, mikono myekundu hadi kwenye viwiko. Akaona vibanda vya mawe ambavyo hajavikanyaga tangu utotoni, maziwa yakiganda ndani ya vyombo vya mbao, na mwanamke yule amesimama mlangoni akihesabu mioshi ya kijijini chini, bila hata mmoja kuwa wake. Ubeti ulifuata ubeti. Hakuutafuta hata mmoja; ulimjia kupitia mabegani, ukashuka kwenye viganja, ukagonga ubao. Alipofumbua macho, wimbo ulikuwa umekwisha na dirisha limekuwa jeusi.

Torcuil alirudisha utepe nyuma ili wasikilize. Kilichotoka ni kishindo, na kishindo juu ya kishindo. Sauti ya Raonaid ilikuwa chini yake, mbali, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mlima.

"Hao ni ng'ombe wa Raonaid," Ceit alisema. "Mwenyewe yuko wapi?"

Wanawake walicheka, isipokuwa Raonaid. Torcuil alieleza kwamba kosa ni lake, kwamba maikrofoni ingetundikwa kwenye boriti. Kisha, bila kuinua macho, akaomba waurudie.

Kicheko kikakatika. Pale wimbo haurudiwi juu ya kitambaa kile kile. Ukirudiwa, balaa humfuata atakayekivaa.

"Kitambaa hiki ni cha mtu aliye baharini, mwanangu," Raonaid alisema kwa upole.

"Najua, mama. Hata mama yangu angenizaba kofi. Nimeomba kwa aibu tu."

Wakamaliza kukigonga kwa nyimbo nyingine, wakakikunja. Wengine walipoondoka, Raonaid alikaa kitini mbele ya moto, maikrofoni ikatundikwa vizuri, akaanza upya bila kitambaa. Kwenye ubeti wa nne akanyamaza. Akarudi mwanzo, akanyamaza palepale. Mikono ilikuwa imelala mapajani, na maneno yalikuwa yamelala nayo.

Torcuil alimwambia haidhuru, ule wa kwanza utasikika angalau kidogo. Meli yake ingeondoka kesho mchana. Raonaid alimtazama akifunga sanduku, akaona jinsi anavyolifunga polepole, akajua kwamba hautasikika.

Asubuhi iliyofuata, mvua ikiwa imekatika, alitandua blanketi la kitandani kwake, la sufu, nene tayari na lisilohitaji kugongwa na mtu yeyote. Akalitumbukiza kwenye beseni la maji ya moto, akamwita Ceit, akamtuma amlete Torcuil. Wanawake wengine walikuwa shambani wakichimba viazi. Blanketi lilipotua juu ya ubao likitoa mvuke, watu wawili hawakutosha kulisukuma.

"Kunja mikono ya shati, bwana," Ceit alisema, akimwonyesha kiti cha tatu. "Ukipoteza mapigo, usiseme hatukukuonya kuhusu Krismasi."

Torcuil aliwasha mashine, akaangalia maikrofoni iliyoning'inia kwenye boriti, akaketi mahali pa mwanamke. Raonaid alilishika blanketi lake kwa mikono miwili. Akaligonga mara moja, mara mbili, mpaka mapigo ya watu watatu yakawa moja, kisha akafumba macho na kuanza. Kwenye ubeti wa nne hakusimama.