Redio Iliyosifu Darasa Lililonyamaza

Nakumbuka asubuhi moja kule Garbatulla, redio ilipolisifu darasa langu bure. Mwanangu, nakusimulia haya kwa sababu umeniambia kwa furaha kwamba shule uliyopangiwa Merti ina sanduku zima la vishikwambi, kila mtoto na kioo chake cha kugusa. Nami nimefurahi. Ila keti kwanza, chai bado ni moto, na gari la Merti haliondoki mpaka lijae.

Nilikuwa mwalimu mpya, binti wa mashamba ya Meru, sijazoea vumbi wala jua la huko. Enzi zetu teknolojia ya darasani ilikuwa redio. Betri zikichoka tulizianika juani kama mahindi, zikapata nguvu ya kipindi kimoja zaidi. Humo redioni mama mmoja wa Nairobi alikuwa akiuliza swali, ananyamaza kidogo watoto wajibu, kisha anasema, "Vizuri sana!" Nilimpenda mama yule. Chuoni tulifundishwa kwamba mtoto akipata jibu umsifu papo hapo, naye atataka kupata tena. Hiyo ilikuwa nadharia, na mimi niliisikia ikitoka kwenye redio kabisa.

Siku hiyo mama wa redio akauliza, "Zizini mna ng'ombe watatu. Wawili wanaingia. Hesabu, sasa ni wangapi?"

Darasa kimya.

"Vizuri sana!" redio ikasema.

Akauliza la mbuzi. Kimya vilevile. Akatusifu tena.

Macho yangu yalimwendea Talaso, msichana wa Sericho aliyekuwa akikaa kwa shangazi yake pale Garbatulla ili asome. Baba yake alikuwa ameshuka kwenye lori asubuhi hiyo, ameketi nje ya ofisi na fimbo yake. Alishasema wazi: kama msichana hashiki masomo, anarudi naye kuchunga ngamia, maana nyumbani mikono imepungua. Alikuwa akingoja neno langu. Na neno lilikuwa tayari mdomoni: huyu hesabu zimemshinda.

Mungu ni mwema. Mlangoni alikuwa amesimama Mwalimu Wario, naibu wa mwalimu mkuu, Mborana mwenye mvi na sauti ya chini. Aliingia, akazima redio, akamgeukia msichana.

"Talaso, ngamia wakirudi jioni, unajuaje wote wamefika?"

"Naangalia tu, mwalimu. Ile nyekundu ikikosa, mtoto yake analia. Ile ya sikio kukatwa lazima ikae karibu na mlango."

"Haya. Mitungi ya maji iko tatu. Mama ameongeza mbili."

"Tano," akajibu kabla mwalimu hajafunga mdomo.

"Punda imeangusha moja, ikapasuka."

"Nne. Na mama atachapa hiyo punda."

Darasa likacheka, mikono ikajaa hewani, kila mtoto anataka kuulizwa habari za mitungi.

Mwalimu Wario aliniita nje ndipo akanikemea, na alikemea taratibu. "Mwalimu, huku mtu hahesabu mifugo kwa mdomo. Wazee wetu wanasema hesabu ya namna hiyo inaita hasara. Hawa watoto wamekuonyesha adabu, wewe ukaiona ni ujinga." Kisha akauliza, "Chuoni walikwambia mtoto anajifunza namna gani?"

Nilijibu kama mwanafunzi: kwamba sifa huimarisha, na kwamba mtoto hujenga jambo jipya juu ya lile analolijua tayari.

"Redio imebeba hiyo ya kwanza," akasema. "Inajua hesabu, lakini haijui Talaso. Hiyo ya pili nani ataileta darasani, kama si wewe?"

Nilikwenda kwa baba yake nikamwambia binti yake ana kichwa chepesi, amwache asome. Alinitazama sana. "Kweli?" Nikamwambia kweli. "Haya, akae," akasema, akaenda kutafuta lori la kurudi.

Mwalimu Wario ametutangulia, Mungu amrehemu. Namshukuru hata leo, na zaidi kwa kuwa alinikemea nje, watoto wasisikie. Redio sikuitupa. Ilikuwa na faida yake, na wengine walijifunzia Kiingereza humo. Ila nilianza kuisikiliza kwa masikio ya watoto, nikawa nabadilisha ng'ombe kuwa mitungi. Wale waliokuwa nyuma nilimkalisha Talaso kati yao, kwa maana ipo nadharia nyingine isemayo mtoto huvuka upesi akishikwa mkono na mwenzake aliyetangulia kidogo tu. Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Sasa, mwanangu, shika hili. Kila kifaa huja na imani yake juu ya namna mtoto anavyojifunza, hata kama haikuandikwa kwenye sanduku. Kile kinachotoa nyota kila jibu likipatikana kinaamini tuzo. Kile kinachomwacha mtoto ajaribu, akosee na apange upya kinaamini kwamba anajenga mwenyewe. Kijue kabla ya kukiwasha. Vishikwambi vyako vina akili kuliko redio yangu, havitasifu kimya. Lakini mtoto akinyamaza vitaweka alama nyekundu na kusonga mbele, havitauliza kwa nini. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkubwa. Kuuliza kwa nini ni kazi yako, na ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho.

Talaso ni daktari wa mifugo siku hizi. Akichanja ng'ombe wa watu huhesabu sindano, hahesabu ng'ombe. Jana alinipigia simu, nikamwambia kijana wangu anakwenda kufundisha Merti. Akasema kama asemavyo kila mara kabla ya kukata, kwa sauti ya yule mama wa redio, "Vizuri sana, mwalimu." Huwa nacheka, halafu machozi yananitoka.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe masikio ya kusikia kimya, na siku utakapokosea, akusimamishie Mwalimu Wario mlangoni.