Masale ya Mpakani

Fundi anakoroga jasi ya dari sebuleni kwangu, na ile harufu ya jiwe lililolowa inanirudisha shambani kwetu, chini ya milima ya Upare, enzi za Ujamaa. Jasi ilikuwa imeonekana kwa jirani. Baba akang'oa masale, ile mimea inayopandwa mpakani kugawa mashamba, akayasogeza upande wa mwenzake.

"Mama, huku chini kuna utajiri," alimwambia bibi.

"Na utajiri huo una mwenyewe."

Bibi akayarudisha masale yote, mimi nikishindilia udongo kwa nyayo.

Ukame ulipotubana, jirani yuleyule alikuja kutuachia zamu yake ya maji ya mfereji. Bibi alimshukuru mpaka sauti ikamkauka. Mimi nikamwamkia. Kisha baba, rika lake kabisa, akainamisha kichwa, akamwambia, "Shikamoo."