Robo Saa ya Mama Pua

Hospitalini walimwita Mama Pua, naye alilipenda jina hilo kama cheo. Miaka ishirini na mbili alikuwa mtu wa mashine ya gesi, ile inayoua vijidudu kwenye mipira ya kupumulia na vifaa visivyostahimili moto. Sheria ilikuwa ukutani: mashine ikizima, fungua mlango upana wa kiganja, toka nje, ngoja robo saa. Mama Pua alifungua, akanusa mara moja, akaingia.

"Gesi ikiwepo pua itaniambia," alisema. "Hao waliobandika karatasi wamewahi kukanyaga humu?"

Mke wa mwanawe alipopata kazi chumba hichohicho, alimfundisha mwenyewe. Binti wa watu akaiga yote, hata kunusa.

"Mama, pua hiyo utamrithisha nani?"

"Nipe mjukuu, uone."

Mkazamwana alicheka, lakini uso akaugeuzia ukutani. Mwaka uliopita, akiwa tayari kazini humo, mimba yake ilikuwa imetoka, na nyumbani hakuna aliyeitaja tena.

Siku moja vikaletwa vibandiko vya kuvaa kifuani, vyeupe, vinavyogeuka bluu gesi ikizidi. Mama Pua alikivaa chake kwa dharau, kama ndoo iliyobandikwa bei dukani. Mashine ikazima. Akafungua, akanusa.

"Hakuna kitu. Twende."

Walipomaliza kuhamishia mipira kwenye kabati la kupepea gesi iliyobaki, mkazamwana akatazama kifua chake. Bluu. Akatazama cha mkwewe. Bluu.

"Vimeharibika hivi," alisema Mama Pua.

"Vyote viwili, Mama?" Akatoka, akakaa chini koridoni, mkono tumboni. "Nina miezi miwili. Nilinyamaza nisije nikakupa matumaini ya bure tena."

Mama Pua alimshika mkono akamtoa mpaka uani, penye hewa, kisha akamfuata fundi wa mashine.

"Gesi hii, mama, ukiisikia harufu ujue imeshazidi zamani," fundi alimwambia.

"Na ile mimba ya mwaka jana?"

Fundi akatazama viatu vyake. "Hilo hakuna anayeweza kukuambia."

Mama Pua hakulia, si mtu wa kulia mbele za watu. Alikwenda moja kwa moja kwa muuguzi mkuu, akasimama mezani kwake.

"Mke wa mwanangu ahamishwe leo. Si kesho."

"Kwani robo saa hamkungoja?"

"Mimi sikungoja. Yeye alinifuata mimi. Miaka ishirini na mbili, andika yote."

Mkazamwana akahamishiwa chumba cha shuka. Mama Pua akajiwekea kigoda nje ya mlango wa mashine, macho kwenye saa ya ukutani, na kila jioni alipita dirishani kwa mkazamwana kuonyesha kifua chake.

"Cheupe?"

"Cheupe, Mama."

Daktari wa upasuaji akipita hamwachi bila kumtania. "Pua iko likizo leo?"

"Imestaafu, daktari. Bado dakika sita."

Mtoto alizaliwa wa kike, mzima, sauti kama king'ora. Mama Pua alitoka zamu, akaoga, akabadili nguo zote, ndipo akampokea. Akainamisha uso utosini pa mtoto, akanusa, akanusa tena.

"Mama, nipe basi, anataka kunyonya."

"Niache," alisema, macho ameyafumba. "Robo saa haijafika."