Fundi wa Makochi na Kibali cha Ukaazi

Ukitaka kumuudhi Fundi, kalia mkono wa kochi. Atakuangalia weee, kisha atakwambia, "Kiti kiko pale. Huo ni mkono, ni wa kuwekea mkono." Ndivyo alivyo. Mtu mrefu, maneno machache, vidole vimejaa makovu ya sindano. Alikuja nchi hii akiwa kijana, akimfuata mjomba wake aliyekuwa na karakana ya makochi. Mjomba akamfundisha kazi, akamtafutia kibali cha kazi, akamlisha na kumgombeza kama mwanawe wa kumzaa.

Ni katika karakana hiyo alikompata Dobi. Dobi ni mzaliwa wa hapa, anafanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, kutwa anapiga pasi mashuka ya watu asiowajua. Alileta kochi la mama yake lililobonyea katikati. Akarudi kulalamikia bei. Akarudi tena kulalamikia rangi ya kitambaa. Aliporudi mara nyingine hakuwa na lalamiko lolote, akawa anasimama tu mlangoni na kuuliza kama hali ya hewa huko ndani ni nzuri. "Huyu sasa hakuja kwa ajili ya kochi," mjomba akasema, na hakukosea.

Wakaoana, wakapanga vyumba viwili, maisha yakaenda. Halafu mjomba akazeeka, akafunga karakana, akarudi kwao kupumzika. Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika, kwa sababu kibali cha Fundi kilikuwa cha kazi ile ile, na kazi ikifa kibali nacho kinazikwa kaburi hilo hilo. Njia iliyobaki ilikuwa moja: aombe ukaazi kama mume wa raia. Akikubaliwa, anabaki. Akikataliwa, anafunga mizigo, na Dobi hawezi kumfuata maana mama yake ana ugonjwa wa miguu na hana mwingine wa kumtazama. Basi si suala la karatasi hilo. Ni kwamba watu wawili watalala nchi mbili.

Wakapeleka ombi, wakaitwa kwenye mahojiano. Usiku wa kuamkia siku hiyo mama mkwe, mama yake Dobi, akawaketisha. Yule mama ana methali ya kila kitu, hata ya maziwa yakifurika jikoni. "Mkiulizwa mambo ya nyumbani kwenu, jistahini," akawaambia. "Aijuaye siri ya mtungi ni kata. Serikali si kata." Wakaitikia, "Ndiyo, mama." Laiti wangemwitikia tu na kwenda kulala, lakini wao wakayashika.

Kwenye ofisi ya uhamiaji wakatenganishwa, huyu chumba hiki, yule chumba kile. Baada ya muda jibu likaja: ombi limekataliwa. Majibu ya mume na mke yanapingana, ndoa haionekani kuwa ya kweli. Wana nafasi ya kuomba uamuzi upitiwe upya, wakichelewa ndiyo basi. Fundi aliusoma ule mstari wa "ndoa haionekani", akageuza karatasi upande wa pili, kama mtu anayetafuta ukingo wa kitambaa.

Jirani akawaelekeza kwa wakili mmoja anayesaidia watu wasio na uwezo. Ofisi yake iko juu ya duka la dawa, ngazi nyembamba, harufu ya dawa ya kikohozi mpaka juu. Wakili mwenyewe ni mama mfupi mwenye sauti nzito, anatafuna karanga huku akisoma majalada. Siku ya kwanza hakutaka hadithi. "Hadithi mtanipa baadaye," alisema. "Wekeni sahihi hapa niombe nakala ya mahojiano yenu. Nataka nijue mlisema nini, si mnachokumbuka kwamba mlisema." Fundi naye alishindwa kutulia, maana kiti cha wageni kilikuwa kimechanika na sponji inachungulia nje. Alikuwa anairudisha ndani kwa kidole gumba.

Nakala ikapatikana, wakaitwa. Wakili akavaa miwani.

"Swali: nani anapika nyumbani? Mume amejibu, mke wangu. Mke amejibu, mume wangu, tena ana mkono mzuri. Haya, nipeni ukweli. Nani anapika?"

"Mimi," Fundi akasema. "Yeye anatoka kazini amechoka."

"Sasa kwa nini ulisema yeye?"

"Sikutaka aonekane mwanamke asiyejali nyumba yake."

Wakili akamtazama Dobi. Dobi akatazama dari.

"Swali: mume anafanya kazi gani? Mume amejibu, vibarua vya hapa na pale. Mke amejibu, ana karakana yake kubwa. Dada, iko wapi hiyo karakana?"

"Anashonea uani," Dobi akasema kwa sauti ndogo. "Sikutaka wamdharau."

Wakili akacheka mpaka karanga ikampalia. "Nimekaa kwenye kazi hii miaka, nimeona watu wakidanganya ili wajinufaishe. Ninyi mmedanganya ili mwenzenu apendeze. Kila mmoja amevuta blanketi amfunike mwenziwe, miguu ya wote imebaki nje." Hata Dobi akacheka. Fundi naye akatabasamu. Walifika mahali wakaona jambo lenyewe kumbe si zito, litaelezwa na kueleweka.

Wakili akageuza ukurasa, bado sauti ina kicheko. "Swali: mna watoto? Mume amejibu, hapana. Mke amejibu, mmoja." Akainua macho. "Hili nalo?"

Kutoka chini ilisikika sauti ya muuza dawa akimweleza mtu ameze vidonge baada ya kula.

"Alizaliwa," Dobi akasema hatimaye. "Hakulia."

Akamgeukia mumewe. Hakupaza sauti, na ingekuwa heri angepaza. "Ulisema hapana?"

Dobi akachukua mkoba wake, akaaga wakili kwa heshima, akashuka ngazi.

Wakili alivua miwani. "Kaka, pole," akasema. "Pole sana. Lakini lazima nikwambie. Kuandika maelezo naweza, viapo naweza, kubishana na wale kule naweza. Kuzungumza na mkeo siwezi kwa niaba yako. Nikiwapeleka mkiwa hivi, watawaona kama walivyowaona mwanzo, na safari hii sitakuwa na la kusema. Nenda nyumbani."

Niseme hapa kilichotokea, maana Fundi mwenyewe hawezi kukueleza hata umpe siku nzima. Miaka michache nyuma Dobi alibeba mimba ikafika mwisho. Mtoto alikuwa wa kike. Hospitali wakamfunga kwenye kitambaa, Fundi akamshika, wakamzika. Shangazi yake Dobi akamvuta Fundi pembeni akamwonya: usimkumbushe, usimtajie, mwanamke akikumbushwa kidonda hakifungi. Na Fundi, mtu wa kushika maneno ya wakubwa, akashika. Hakutaja. Mwezi ukapita, mwaka ukapita, hakutaja. Dobi akagawa nguo za mtoto kwa jirani mwenye mimba, na Fundi akatazama pembeni. Dobi akauliza kigodoro cha mtoto kiko wapi, kile cha manjano alichokishona yeye mwenyewe Fundi, akajibiwa mteja alikipenda akakinunua. Yakaisha. Au wote wawili walijifanya yameisha, kila mtu na upande wake wa kitanda. Kwa hiyo afisa alipomuuliza kama ana watoto, Fundi aliona mbele yake chumba cha pili, aliona mkewe akiulizwa yuko wapi huyo mtoto, akasema hapana. Alidhani anamfungia mlango, uchungu usimfikie.

Alipofika nyumbani alimkuta Dobi amekaa kwenye kochi, upande wake ule ule wa dirishani, viatu hajavua.

"Nilikuwa nangoja useme neno moja tu," Dobi alisema bila kumwangalia. "Miaka yote hii. Ungeniuliza hata kama nalala. Nikajiambia labda amesahau, wanaume husahau. Leo nimejua hukusahau. Umemfuta."

Inauma kuambiwa hivyo. Fundi alisimama pale mlangoni kama mteja aliyekosa bei. Kisha akaenda uani, akarudi na kisu chake cha kazi.

"Inuka," akasema.

"Nini?"

"Inuka kidogo, nakuomba."

Dobi akainuka. Fundi akalipindua kochi, likalala chali, miguu juu.

"Sasa kochi limekosa nini?" Dobi akauliza. "Umeniudhi wewe, unalichinja kochi?"

Fundi alipiga magoti akatia ncha ya kisu kwenye mshono wa chini, akafumua uzi taratibu, asiharibu kitambaa. Kochi lile alilitengeneza mwenyewe. Akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akapapasa katikati ya sponji, akavuta. Kikatoka kigodoro cha manjano, kipya, hakijawahi kulaliwa, kona zake bado zimesimama.

"Sikuuza," akasema. "Nilikudanganya. Kuna mtu alikitaka kweli, nikamkatalia. Kukitupa nikashindwa. Kukiweka mahali ukione nikaogopa. Nikakiweka upande wako." Akamnyooshea kigodoro. "Shangazi alisema nisikukumbushe. Kila ukikaa hapo najua kiko hapo. Sikumfuta mtoto wangu, mwenzangu. Ningemfutaje?"

Dobi alishuka sakafuni. Alikishika kigodoro, akakibonyeza kama anavyobonyeza mto wa hoteli kuona kama umekauka, akakiweka mapajani. Akalia, kilio kile cha kelele ambacho hakukilia hospitali. Fundi naye akalia, na mtu kama yule akilia hajui pa kuweka mikono. Kochi lilikuwa bado chali.

"Nilimpa jina," Dobi akasema baadaye, anajifuta na ncha ya kanga. "Sikumwambia mtu."

"Niambie mimi."

Akamwambia. Jina lile ni lao, mimi sitalitaja hapa.

Siku iliyofuata waliporudi kwa wakili, yeye hakuuliza chochote. Aliwatazama tu walivyokaa, akasogeza karatasi. Kazi ikaanza, na ni kazi ya kuchosha, asikudanganye mtu. Mkataba wa nyumba. Maelezo ya majirani chini ya kiapo. Kumbukumbu za hospitali zenye jina la mama na jina la baba, ambazo Dobi alizifuata mwenyewe na kuzingoja kwenye benchi mpaka zikapatikana. Wakili akawaandikia kila mmoja maelezo yake: nani anapika, nani anashonea uani, na kwa nini walisema walivyosema. Mama mkwe naye akatoa kiapo. Alitaka methali iingizwe, wakili akamkatalia. "Mama, methali yako ndiyo imetuleta hapa," akamwambia, na mama mkwe, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akaweka sahihi bila methali.

Wakaitwa tena. Vyumba tofauti tena, afisa yule yule wa mwanzo, kijana nadhifu asiyecheka. Alipofika kwenye swali lile alisimamisha kalamu.

"Mna watoto?"

"Mmoja," Fundi akasema. "Wa kike. Alizaliwa amekufa."

"Jina lake?"

Fundi alilitaja. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulitamka mbele ya mtu mwingine asiye mkewe. Afisa akaandika. Akamwomba arudie herufi ya mwisho, akaandika tena vizuri. Chumba cha pili Dobi aliulizwa swali hilo hilo, akalitaja jina lile lile.

Jibu lilichukua muda. Kipindi hicho chote kochi lilisimama ukutani na mshono wake ukiwa wazi, kigodoro kikiwa juu ya kabati. Dobi alimwambia alishone, wageni wakiona ni aibu. Fundi akakataa. "Sijui kama nitakuwepo," alisema. "Siwezi kufunga kitu ambacho huenda wewe ukataka kukitoa nikiwa sipo." Kwa hiyo walikaa kwenye viti vya jikoni, na Fundi akatumia siku hizo kumtengenezea wakili kile kiti chake kilichochanika.

Wakili akapiga simu asubuhi moja, Fundi akiwa jikoni anapika. Ombi limekubaliwa. Aende na picha mbili akachukue kadi yake ya ukaazi. Akazima jiko, akanawa mikono, akampigia Dobi kazini. Dobi akasema, "Eh," kisha zikawa zinasikika mashine za kufulia tu.

Jioni aliporudi hakuvua hata mkoba. Alichukua kigodoro juu ya kabati, akakirudisha kwa mikono yake mwenyewe ndani ya kochi, akakinyoosha kisijikunje. Fundi akatia uzi kwenye sindano. Dobi akamshikia kitambaa kikaze.

"Shona vizuri," akamwambia. "Hapo ndipo ninapokaa."